Ua Moja, Majina Mengi: Kutoka Kamusini Hadi Sigi

Makala hii imezaliwa na kosa, na kosa lenyewe ni langu. Miaka kadhaa iliyopita nilitafsiri shairi fupi la Kiingereza linalomkumbuka msichana aliyeishi na kufa bila ya kujulikana na walimwengu. Mshairi alimfananisha msichana huyo na ua dogo la kivulini ambalo Waingereza huliita violet. Mimi sikusoma chuo. Mwalimu wangu amekuwa kamusi chakavu isiyo na jalada. Nikaifungua, ikanambia kuwa neno hilo ni rangi ya zambarau. Nikaandika "zambarau". Mizani ikatimia, kina kikakubali, nikalala usingizi mwema.

Siku niliyoisoma tafsiri hiyo barazani, bibi mmoja wa makamo ya mama yangu aliinua mkono. "Mwanangu," akasema, "zambarau tunalijua sisi. Tumelila tangu utotoni mpaka ndimi zikageuka rangi. Sasa hilo zambarau lako linaloota chini kivulini, limeota nchi gani?" Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Nikamjibu, "Umesema kweli, mama." Lakini usiku ule usingizi ulinikataa. Nilikuwa nimechukua ua nikalifanya tunda, na tunda la mtini mrefu nikalilaza chini kwenye kivuli.

Tangu siku hiyo nimelifuata neno hilo moja kama mtu anayefuata mkondo wa mto kutafuta chemchemi. Sikudhani hata kidogo kwamba mkondo ungenifikisha milima ya Usambara, kwenye mto Sigi, ng'ambo ya bahari yetu wenyewe.

Tuanze na neno. Waingereza hawakulizua. Walilipokea kutoka Kifaransa cha kale, na katika maandishi yao lilikwisha kuonekana kufikia karne ya 14. Wafaransa waliita ua hilo violette, yaani kijiua, kwa kulidogosha neno la Kilatini viola. Wagiriki wa kale nao walikuwa na ion, ambalo hapo kale zaidi lilianza kwa sauti ya "w". Wanaisimu wengi huona kuwa Warumi na Wagiriki hawakurithishana neno hili, bali wote wawili waliliokota kwa watu wengine wa zamani waliokaa kandokando ya bahari ya Mediterania, watu ambao lugha zao zimekufa. Basi hata hao tunaowadhani kuwa ni wenye neno ni wapangaji tu katika nyumba ya marehemu.

Kutoka kwenye ua, neno lilizaa rangi. Mwaka 1704 Isaac Newton alipochapisha kitabu chake kuhusu nuru, aliigawa nuru ya jua katika rangi saba, na ya mwisho akaipa jina la ua hilo. Mwaka 1801 Johann Ritter akagundua kuwa baada ya rangi hiyo ya mwisho ipo miale mingine isiyoonekana kwa macho. Wataalamu wetu wa Kiswahili waliiita miale hiyo urujuanimno, na mimi kama mtunzi nawavulia kofia, kwani neno hilo lina ladha ya ushairi: urujuani uliopita kiasi hata macho yakashindwa kuuona. Kutoka kwenye ua, tena, neno lilizaa majina ya watu. Shakespeare ana binti aitwaye Viola katika tamthilia ya Twelfth Night, naye hutupwa na bahari ufukweni baada ya jahazi kuvunjika, akavaa nguo za kiume ili apate kuishi ugenini. Huku kwetu bara nako wako kina mama wengi waliobatizwa Violeti.

Lakini mtoto wa neno hili aliyenishangaza kuliko wote ni huyu nitakayemtaja sasa. Mwaka 1811 Mfaransa Bernard Courtois alikuwa akishughulika na majivu ya mwani. Alipoyatia tindikali kali, ukafuka moshi mzuri wa rangi hiyo hiyo. Mwaka 1813 mwanakemia Gay-Lussac aliupa utambi huo mpya jina lililotokana na lile ion la Wagiriki, nasi leo tunaliita iodini. Hii ndiyo inayotiwa katika chumvi, ambayo kwenye pakiti huandikwa kuwa ni chumvi yenye madini joto, ili watu wa nyanda za juu wasiote rovu shingoni. Sasa tazama, msomaji wa pwani: mama zetu wa Paje na Jambiani, ambako kilimo cha mwani cha biashara kilianza mwaka 1989, huinama majini kukivuna kitu kile kile alichokichoma Courtois. Kitu cha baharini kimepewa jina la ua, na watu wa milimani hukihitaji ili shingo zao zisivimbe. Maneno hujua njia ambazo sisi hatujazipita.

Hata hivyo, mwenye kufuata asili za maneno hana budi kujihadhari na jamaa wa uongo. Wapo maneno wanaofanana sura na ua letu ilhali hawana nasaba nalo. La kwanza ni neno la Kiingereza la udhalimu na matumizi ya nguvu, violence. Hilo limetoka katika Kilatini vis, yaani nguvu, na halina udugu wowote na ua. La pili ni ioni ya wanafunzi wa kemia. Hiyo imetoka katika kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya "kwenda", ikatumiwa na Michael Faraday mwaka 1834 kwa vile chembe hizo husafiri katika umeme. Herufi ni zile zile, nasaba mbalimbali.

La tatu linatugusa sisi wapenzi wa taarab. Ala iitwayo viola, na mdogo wake violin, hazikutoka kwenye ua. Wengi huzirudisha katika neno la Kilatini cha zama za kati, vitula, lililokuwa jina la ala ya nyuzi. Na kutoka humo humo, wasema wataalamu wengi, ndimo lilimotoka kwa njia nyingine neno la Kiingereza tulilolikopa sisi tukasema fidla. Kwa hivyo fidla inayolia katika vikundi vyetu tangu zama za Ikhwani Safaa, kilichoasisiwa mwaka 1905, ina udugu na viola ya Ulaya kwa upande wa bibi, wala haina udugu na ua. Ukisikia mtu anasema kwamba ala hiyo imepewa jina la ua kwa utamu wa sauti yake, mwambie kwamba amesema jambo zuri lisilo kweli.

Na sisi je? Kiswahili kina nini cha kulipa? Tuna urujuani, ambao tumeupata kwa Waarabu, nao Waarabu hunasibishwa na Waajemi, ambao kwao arghawan ni mti wenye maua ya rangi kati ya waridi na zambarau. Tuna zambarau, ambayo kwanza ni tunda la mzambarau, kisha ndiyo rangi. Ndugu zetu waliohamia Maskati na kwingineko katika Ghuba wanalijua pia neno banafsaj, ambalo Waarabu walilipata kutoka banafsha ya Waajemi, na hilo ndilo hasa jina la ua lile la Ulaya. Angalia mwenendo huu: kila taifa lilipotaka kuitaja rangi hii, lilikwenda kwanza kuuliza kwenye mmea. Rangi yenyewe haikuwa na jina mpaka ilipoonekana imekaa juu ya jani, juu ya mti au juu ya ulimi wa mtoto aliyekula zambarau. Kumbe kosa langu la barazani lilikuwa na ukoo mrefu.

Nilipofika hapo ndipo nilipokutana kamusini na mstari uliobadili safari yangu. Chini ya neno lile la Kiingereza paliandikwa jina la ua jingine, African violet, yaani violet ya Afrika, na maelezo kwamba asili yake ni Tanganyika. Nikaduwaa. Nimehangaika kutafuta ua la Waingereza, na hapa naambiwa kuwa lipo moja limepewa jina la bara langu, na nyumbani kwake ni ng'ambo tu ya Pemba!

Historia ya ua hilo inajulikana vizuri. Mwaka 1890 ulichapwa Ujerumani mwongozo wa kujifunzia Kiswahili, uitwao Suaheli Handbuch. Mwandishi wake alikuwa Walter von Saint Paul-Illaire. Baada ya hapo bwana huyo akawa mkuu wa wilaya ya Tanga katika utawala wa Wajerumani. Mwaka 1892 alikuta mmea mdogo wenye majani ya manyoya na maua ya rangi ya urujuani, karibu na Tanga kwenye mawe ya chokaa, na pia juu katika misitu ya Usambara. Akaupeleka kwa baba yake Ujerumani, na baba akaufikisha kwa Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za kifalme za Herrenhausen mjini Hannover. Mwaka 1893 Wendland aliutangaza kwa jina la Saintpaulia ionantha. Neno la kwanza ni heshima kwa baba na mwana. La pili ni Kigiriki, na maana yake ni "lenye maua kama ya ion". Basi lile neno la marehemu wa Mediterania likapanda meli likaja kukaa juu ya mawe ya Tanga.

Lakini Saint Paul hakuwa mtu wa kwanza wa Ulaya kulishika ua hilo. Mwaka 1884 John Kirk, balozi wa Uingereza hapa Unguja na mjuzi wa mimea, alikwisha kupeleka mfano wake katika bustani za Kew, London. Mwaka 1887 akapeleka pia mmisionari W. E. Taylor wa upande wa Mombasa. Mifano yao haikutosha kuutambulisha mmea, ikakaa kabatini. Wapenzi wa ushairi wanamjua Taylor kwa jambo jingine: ndiye aliyekusanya mashairi ya Muyaka bin Haji, akisaidiwa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah, na mwaka 1891 akachapisha mkusanyo wa methali za Kiswahili.

Hebu tulitafakari jambo hili kwa utulivu. Watu watatu walilishika ua hili kabla halijapata jina la kitaalamu. Mmoja aliishi miaka mingi Unguja, mmoja alihifadhi tungo za mshairi mkubwa wa Mombasa, mmoja aliandika kitabu cha kufundishia Kiswahili. Wote watatu walikuwa na lugha yetu mdomoni. Hata hivyo, jina lililoingia vitabuni lilikuwa la Kijerumani na la Kigiriki. Methali tulizothaminiwa, mashairi tukahifadhiwa, lakini haki ya kutaja kilichoota katika ardhi yetu haikuulizwa kwetu.

Wajerumani angalau waliliita katika maongezi yao Usambaraveilchen, yaani violet ya Usambara, na mpaka leo huliita hivyo. Jina la milima likabaki. Waholanzi waliliita violet ya Rasi, kana kwamba limetoka Rasi ya Tumaini Jema, mahali ambapo halikuota kamwe. Waingereza na Wamarekani wakaifuta Usambara wakaandika Afrika, bara zima kwa kijiua kinachojaa kiganjani. Baada ya miaka ya 1920, wakulima wa maua wa Los Angeles walipopata mbegu kutoka Ulaya wakazizalisha aina nyingi, ua hilo likawa la kukaa madirishani mwa nyumba za Marekani. Leo zipo aina kwa maelfu: nyeupe, nyekundu, zenye kingo za mawimbi. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Huyu hakutuzwa kwao. Ametuzwa ugenini, kwa jina la ugenini.

Na tena, jina lenyewe si la kweli. Wajuzi wa mimea wanatueleza kuwa ua la Usambara halina udugu na violet ya Ulaya. Ni la ukoo mwingine kabisa. Ndugu wa kweli wa violet katika misitu ya Usambara ni miti midogo iitwayo kitaalamu Rinorea, ambayo hakuna mtu anayeiweka dirishani. Mwaka 2015 wataalamu waliolichunguza upya kundi zima waliliondolea ua letu hata ile hadhi ya kuwa na jenasi yake, wakalitia ndani ya Streptocarpus, neno la Kigiriki lenye maana ya "tunda lililosokotwa". Jina la afisa wa Tanga limeshushwa daraja. Lakini ionantha, ile iliyo kama violet, imebakia, ikageuzwa mwisho wake tu kufuata sarufi ya Kilatini.

Nilisema kuwa violet na udhalimu si ndugu katika kamusi. Katika historia ya Usambara, lakini, maneno hayo yalikuwa majirani. Washambaa huiita nchi yao Shambaai, mahali wanapostawi Washambaa, na watu wa pwani ndio waliosema Usambara. Nchi hiyo ilikuwa na wafalme wa Kikilindi wenye makao yao Vugha. Mwaka 1891 kampuni ya Kijerumani ilianza kupanda kahawa Derema, katika Usambara ya Mashariki, na msitu ukaanza kukatwa. Mwaka 1893 ua likapewa jina Hannover. Mwaka 1895 Wajerumani wakamnyonga Mputa, mtawala wa Vugha. Sisemi kuwa aliyechuma ua ndiye aliyetundika kamba. Nasema tu kwamba mikono ya dola moja, katika miaka ile ile, ilipaka ua maji ili lisinyauke njiani, na ikamnyonga mwenye nchi. Mfasiri akilipamba neno hili akasahau hayo, amefasiri nusu.

Nilivuka bahari mpaka Tanga, nikapita Muheza, nikafika Sigi. Pale ndipo mlango wa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997. Jengo la zamani la stesheni limesimama bado, kwani mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani walijenga reli nyembamba kutoka Tengeni hadi hapo kuteremsha magogo. Juu zaidi ipo Amani, ambapo mwaka 1902 walianzisha taasisi yao ya utafiti wa mimea. Mto unanguruma chini ya miti, na maji yake hushuka mpaka bwawa la Mabayani, ambalo ndilo linywewalo na watu wa jiji la Tanga.

Kijana aliyeniongoza alisimama penye mwamba wenye unyevunyevu, mahali jua lilipokuwa likichuja kidogo tu. "Hili hapa, mzee wangu," akanambia. Niliinama. Lilikuwa dogo kuliko nilivyodhani, maua manne, rangi iliyopauka kidogo kama kanga iliyofuliwa mara nyingi. Halikuwa na majigambo ya yale ya madirishani. Nilimuuliza kama watu huyachuma. Akajibu, "Ukilichuma hapa, mzee, jiwe linabaki tupu. Halioti popote tu." Akanieleza kuwa kivuli kikikatwa, mmea huu hufa hata kama hakuna aliyeugusa.

Maneno yake si ya kupuuzwa. Maua haya porini hayapo ila Tanzania na sehemu chache za Kenya, kama Taita na Kilifi, na kila aina hukaa katika kipande chake kidogo cha mwamba na msitu. Nyingi ziko hatarini. Kati ya mwaka 2003 na 2004 watu walimiminika kuchimba dhahabu katika vijito vya Usambara ya Mashariki, na vijito ndimo kinamokaa kivuli. Ua linalozalishwa kwa mamilioni ya vyungu duniani linaweza kutoweka nyumbani kwake bila ya mtu wa dirishani kujua. Hapo nikamkumbuka yule msichana wa shairi, aliyeishi pasipojulikana. Nilifahamu kwa nini mshairi alichagua ua. Sikuwa nimefahamu nilipokuwa na kamusi peke yake.

Basi nimeirudia tafsiri yangu. Kwa ua la Ulaya sasa naandika banafsaji, kwa kuwa neno hilo lilikwisha vuka bahari hii pamoja na jamaa zetu, na sikio la pwani halilikatai. Na kwa lile la Sigi nimekata shauri kuliita urujuani wa Usambara. Neno la kwanza linakiri kwamba tumekopa, kama kila taifa lilivyokopa kutaja rangi hii. La pili linairudisha milima iliyofutwa. Nalitoa hadharani kama jina la muda la kitabuni. Hukumu ya mwisho ni ya Washambaa, wenye mwamba na wenye kivuli, na siku watakapolisema lao, mimi nitalifuta langu kwa furaha.

Yule bibi wa barazani nilimpelekea tafsiri mpya. Aliisikiliza yote amefumba macho, kisha akauliza, "Na hilo la Usambara umeliona kwa macho yako?" Nikamjibu kuwa nimeliona. "Basi sasa," akasema, "unaweza kulitaja."